Uzio wa Mpakani na Uhamiaji Haramu: Mafunzo kutoka Ngara na Biharamulo

Mada kwa semina ya viongozi wa kata, vijiji na vitongoji



1. Utangulizi

Basi likitekwa porini, au kundi la ng'ombe wasiojulikana likiingia kwenye mashamba ya watu, hoja ya uzio huibuka tena vikaoni: tufunge mpaka kwa nyaya, tulale usingizi. Wanaoitoa hoja hii hawastahili kubezwa. Kwa miaka mingi mabasi ya kupita Nyakanazi, Lusahunga na Ngara yalisindikizwa na polisi wenye silaha. Wapo humu ndani waliopoteza ndugu na mali katika mapori hayo. Hofu yao ni ya haki.

Mada hii inauliza jambo moja: je, uzio utazuia uhamiaji haramu katika wilaya zetu mbili? Jibu langu ni kwamba utazuia kidogo sana kwa gharama kubwa sana, kwa sababu mhamiaji haramu hapati makazi mpakani. Anayapata kitongojini, kwa mwenyeji anayemhitaji. Huko ndiko nguvu zetu zinakotakiwa kwenda.

2. Mpaka wetu ulivyo

Ngara inapakana na nchi mbili. Kutoka maporomoko ya Rusumo, mahali Mto Ruvubu unapokutana na Kagera, mto ndio mpaka wetu na Rwanda kuelekea kaskazini. Una mabwawa na mafunjo, na hufurika majira ya mvua. Uzio ukijengwa majini utabebwa na mafuriko. Ukirudishwa nyuma hadi nchi kavu, utawatenga wananchi na maji wanayochota na kunyweshea mifugo, na kaskazini zaidi utakata njia za wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019 ikiunganisha mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi.

Upande wa Burundi, kutoka Kabanga hadi Murusagamba, sehemu kubwa ya mpaka hupita katikati ya vilima, migomba na mashamba ya maharage. Bugufi, eneo la Wahangaza hapa Ngara, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla Waingereza na Wabelgiji hawajagawana makoloni ya Mjerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mhangaza na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani. Wanaoana, wanazikana, wanagawana mbegu. Uzio utakaojengwa hapo utapita kati ya mtu na mjomba wake, na watu wa namna hiyo hawashindwi kutafuta njia ya panya.

Biharamulo nayo haipakani na nchi yoyote ya kigeni. Hata hivyo, wilaya hiyo imekuwa ikitajwa miongoni mwa zile zenye wahamiaji wengi wasio na vibali. Watu hao walivuka mpaka, wakaipita Ngara nzima, wakaviacha vijiji vingi nyuma, ndipo wakapata mahali pa kukaa. Kila hatua ya safari hiyo kulikuwa na Mtanzania aliyewapakia, aliyewalaza au aliyewapa kazi.

3. Tuliyoyaona wenyewe

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema halijawahi kuona wimbi kubwa na la haraka kama hilo. Kambi ya Benaco hapa Ngara ikageuka mji kwa siku chache. Watu hawa walipita darajani, kwenye lango halali la nchi. Lau kungekuwa na uzio siku ile, idadi ya wanaokimbia isingepungua hata kwa mmoja. Tofauti ingekuwa ni wangapi wangefia mlangoni petu.

Tarehe 31 Machi 1995 serikali yetu, ikiwa imeelemewa, ilifunga mpaka na Burundi, na maelfu walizuiwa. Lakini vita viliendelea ng'ambo, na watu waliendelea kuingia: Kambi ya Lukole hapa Ngara ilipokea Warundi kwa miaka kadhaa baada ya amri ile. Desemba 1996 Wanyarwanda karibu nusu milioni walirudishwa kwao. Kilichopunguza wakimbizi wa Burundi hatimaye ni amani iliyorejea kwao.

Kisha ikaja 2013. Mwezi Julai, akiwa ziarani mkoani Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Silaha zilikamatwa, na maelfu ya watu wakaondoka. Lakini mashirika ya haki za binadamu, Human Rights Watch likiwamo, yaliandika kuhusu watu walioondoshwa ilhali walikuwa na hati za Kitanzania, na kuhusu familia zilizotenganishwa, mume akibaki huku na mke akipelekwa kule. Ugumu wa Kimbunga haukuwa kuwafikisha watu mpakani. Ulikuwa kujua nani ni nani kijijini. Mahali ambapo hapakuwa na kumbukumbu, sura na lafudhi vilitumika kama ushahidi, na katika wilaya ambayo Kihangaza na Kirundi vinakaribiana kiasi kile, ushahidi wa namna hiyo ni wa hatari kwa kila mmoja wetu.

4. Wenzetu waliojenga

Kenya, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015 lililoua watu 148, ilianza kuweka kizuizi kwenye mpaka wake na Somalia. Mpango ulikuwa wa kilomita zipatazo 700. Hadi Machi 2018, Bunge liliposimamisha kazi hiyo na kudai maelezo, kilichokuwepo ni kipande cha takribani kilomita 10 huko Mandera, na wabunge walielezwa kwamba kimekula shilingi za Kenya bilioni 3.4.

Afrika Kusini ilichagua bei nafuu. Machi 2020, wakati wa tishio la korona, ilijenga kilomita 40 za uzio kwenye eneo la Beitbridge, mpakani na Zimbabwe, kwa takribani randi milioni 37. Muda si mrefu nyaya zilikuwa zimekatwa mahali pengi, na kamati ya bunge ikahoji thamani ya kazi hiyo. Ule wa gharama ulikomea njiani, na ule wa bei ndogo ukatobolewa.

Ni haki kutaja pia mahali ambapo uzio ulifanya kazi. Israeli ilimaliza uzio wake kwenye mpaka na Misri mwaka 2013, na waliokuwa wakiingia kwa maelfu kila mwaka wakapungua hadi makumi. Lakini uzio ule uko jangwani, unalindwa na jeshi saa zote kwa vyombo vya kisasa, na uliambatana na sheria kali za kuwaweka kizuizini walioingia. Sisi Watanzania tuna mpaka wa zaidi ya kilomita 200 na Rwanda na zaidi ya 400 na Burundi, kati ya milima, mito na makazi ya watu. Uzio usio na mlinzi ni nyaya tu, na mlinzi ndiye gharama isiyokwisha.

Hata Marekani, pamoja na ukuta wake, ina wahamiaji wengi wasio na vibali walioingia kupitia viwanja vya ndege kwa viza halali, wakakaa baada ya muda kwisha.

5. Anayekuja ni nani, na anamfuata nani

Tuwatenganishe wanaokuja, maana dawa yao si moja. Yupo mkimbizi anayeokoa roho yake. Huyo analindwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Yupo mfugaji anayefuata malisho. Yupo jambazi mwenye bunduki, ambaye huhitaji mwenyeji wa kumficha na wa kumpa habari. Na yupo kibarua, ambaye ndiye wengi wetu tunakutana naye kila msimu.

Kibarua huyu huja wakati wa kulima, kupalilia na kuvuna. Anaitwa na mwenye shamba wa hapa, kwa sababu ujira wake ni mdogo na hana pa kulalamika. Wapo miongoni mwetu wanaomfanyisha mtu kazi msimu mzima, kisha siku ya malipo wanampigia simu ofisa aje amkamate. Ni dhuluma, na inaharibu usalama wetu pia, kwa kuwa aliyedhulumiwa hatatoa taarifa za mhalifu kwa kiongozi yeyote wa kijiji. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Uhamiaji haramu unalelewa na faida tunayoipata sisi wenyewe.

6. Mapendekezo

Kwanza, daftari la wakazi katika kila kitongoji liwe hai. Mgeni aandikwe ndani ya siku chache tangu afike, pamoja na jina la mwenyeji wake, na mtendaji wa kijiji alikague kila robo mwaka. Mwenyekiti wa kitongoji apewe posho na vitendea kazi, kwa kuwa yeye ndiye mlinzi wa kwanza wa mpaka huu.

Pili, tuiombe serikali iweke kibali cha msimu kwa vibarua wa mashambani: cha bei ndogo, kinachotolewa kwenye vituo vya mpakani vya Kabanga na Rusumo, kikitaja mwajiri na tarehe ya kurudi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwapo tangu 2010, lakini milango ya ajira tuliyofungua imewalenga zaidi wenye taaluma.

Tatu, sheria imfikie mwajiri na mwenyeji. Kibarua asirudishwe kwao kabla hajalipwa jasho lake.

Nne, wananchi wa vijiji vya mpakani wapate vitambulisho vya taifa bila kuzungushwa. Anayetiliwa shaka asikilizwe na apewe uamuzi wa maandishi anaoweza kuukatia rufaa.

Tano, uzio ujengwe pale tu penye mlinzi: kuzunguka vituo vya forodha, maegesho ya malori na vivuko vinavyotumika sana. Fedha nyingine zinunue boti za doria, pikipiki za askari kata na mafuta yake.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, naiomba semina hii isiondoke na azimio la kudai uzio. Iondoke na azimio ambalo kila kijiji kinaweza kulianza bila kusubiri bajeti ya taifa: ndani ya miezi mitatu, kila mwenyekiti wa kitongoji awasilishe kwa mtendaji wake daftari kamili la wakazi, wageni na waajiri wao. Mtendaji alisome mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, watu walisahihishe kwa sauti zao. Tukishajua tunaishi na nani, jambazi atakosa pa kujificha, na raia mwema hatalazimika kuuthibitisha Utanzania wake kwa lafudhi.