Silaha ya Kijidudu cha TB na Sababu ya Dawa za Miezi Sita
Mada kwa semina ya wahamasishaji wa afya ya jamii, Iftin, Garissa



Utangulizi

Mgonjwa wa kifua kikuu akishapata nafuu huuliza: "Kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, mbona bado nimeze dawa?" Tukimjibu kwamba ni amri ya daktari, tumemnyamazisha tu. Jibu limo katika namna kijidudu kinavyoishi ndani ya seli zetu, na mgonjwa ana haki ya kulijua.

Silaha yenyewe

Baadhi ya bakteria wa njia ya hewa huingiza protini zao ndani ya seli za binadamu. Pseudomonas aeruginosa, anayewasumbua wagonjwa mahututi, ana mrija mwembamba unaotoboa utando wa seli na kupitisha sumu, mfano wa sindano. Kijidudu cha TB, alichokitambulisha Robert Koch mwaka 1882, hutumia mtambo mwingine uitwao ESX-1.

Tukikivuta pamoja na hewa, seli za ulinzi za mapafuni, yaani makrofaji, hukimeza na kukifungia katika kifuko ili zikiyeyushe. Bakteria wengi huishia humo. Hiki cha TB kwanza huzuia asidi ya kukiyeyusha isikolee. Kisha, kupitia ESX-1, husukuma nje protini, zikiwamo ESAT-6 na CFP-10, na utando wa kifuko huharibika. Protini hupenya hadi ndani ya seli, makrofaji hufa, nyingine huja kusafisha na kuambukizwa vilevile. Kinundu hujengeka mapafuni, na ndani yake vijidudu vinaweza kukaa miaka bila dalili yoyote.

Ushahidi wa chanjo

Uzito wa silaha hii tunauona katika chanjo ya BCG. Wafaransa Albert Calmette na Camille Guérin walikikuza upya tena na tena kijidudu cha TB ya ng'ombe, kuanzia 1908 hadi 1921, mpaka kikadhoofika. Miongo mingi baadaye iligunduliwa kwamba kilikuwa kimepoteza kipande cha DNA kiitwacho RD1, chenye sehemu muhimu za ESX-1. Watoto wetu basi huchanjwa kwa bakteria aliyepokonywa silaha. BCG huwakinga hasa dhidi ya TB kali ya utotoni, kama ile ya utando wa ubongo. Kinga yake kwa mtu mzima ni ndogo.

Kijidudu cha ng'ombe ambacho hakikudhoofishwa bado kina silaha hiyo, nacho hupita katika maziwa mabichi. Maziwa yachemshwe.

Kwa nini miezi sita

Kwa TB ya kawaida, mgonjwa humeza dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Vijidudu vinavyozaana kwa kasi hufa mapema, ndiyo maana kikohozi hupungua. Vilivyozubaa ndani ya seli na vinundu hufa polepole sana. Mgonjwa akiacha njiani, hivyo ndivyo vinavyoamka, na huenda vikawa sugu kwa dawa.

Funzo la Wajir

Kwa mfugaji anayefuata malisho, miezi sita ni muda mrefu. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyeishi Wajir, alianzisha manyatta ya TB: wagonjwa walijenga vibanda vyao karibu na kituo na kumeza dawa mbele ya mhudumu mpaka wakamaliza. Mtindo huo ulienea katika maeneo mengine ya wafugaji kaskazini mwa Kenya. Tonelli aliuawa Borama mwaka 2003, lakini hoja yake ingali hai: matibabu lazima yapangwe kwa kufuata maisha ya mgonjwa.

Mapendekezo

Kwanza, mgonjwa aelezwe siku ya kwanza kwamba nafuu hutangulia kupona. Pili, tumuulize mapema kama familia inapanga kuhama na inaelekea wapi, ili kituo kimwandikie uhamisho na kituo cha huko kimpokee. Tatu, wote wanaolala nyumba moja naye wapimwe, watoto wadogo kwanza. Nne, atakayekosa dawa afuatwe nyumbani siku hiyohiyo, kwa upole na bila kumwaibisha mbele ya majirani, kwa sababu mgonjwa aliyeaibishwa hujificha, na akijificha hatutampata tena kwa wakati.