Mapaa yanahesabiwa toka juu, na watoto je?

(Maneno ya kamati katika mkutano mkuu wa wanachama, Kamina)



Kamati ilipewa kazi ya kujibu swali lililotoka kwa wafadhili wetu: hizi mashine zinazofikiri, zinazoitwa akili bandia, zinaweza kutusaidia nini kwa mambo ya afya hapa Kamina? Wengi wenu mlicheka. Mama mmoja alisema: kwa chumba cha kuzalia hakuna hata taa, sasa mnataka kutuletea akili ya mashine? Tulicheka pamoja naye. Lakini tulipoanza kuuliza na kusoma, tuliona kwamba akili hiyo iko hapa tayari, tangu miaka, na kwamba inatugusa sisi tuliorudi kuliko watu wengine.

Tuanze na polio. Mwaka 2017 ilionekana katika jimbo letu la Haut-Lomami, na Maniema, kisha Tanganyika. Haikuwa ile polio ya zamani. Ilikuwa namna ingine: kirusi dhaifu cha chanjo ya matone, kikipita toka mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu mahali ambapo wengi hawakuchanjwa, kinabadilika na kupata tena nguvu ya kulemaza. Tunasema wazi kwa sababu kuko watu mtaani wanaosema «chanjo njo inaleta polio». Hapana. Mtoto aliyechanjwa sawasawa analindwa. Hatari iko pale wanapoachwa watoto wengi pamoja. Februari 2018 waziri wa afya alitangaza kwamba ni dharura ya taifa, na Oktoba mwaka ule serikali ikaanzisha Mpango Mashako ili kuinua chanjo za kila siku. Haut-Lomami ilikuwa ndani ya majimbo ya kwanza.

Sasa, kwa nini watoto wanaachwa? Kuko barabara mbovu, kuko friji zinazokufa, kuko mafuta yanayokosa. Lakini kuko sababu ingine isiyoonekana, nayo ni hesabu. Sensa ya mwisho ya inchi yetu ni ya 1984. Toka pale watu wanaongezwa kwa kalamu mwaka kwa mwaka. Chupa za chanjo zinatumwa kwa kufuata ile hesabu ya kalamu. Tuseme karatasi inasema mtaa uko na watoto wachanga 40, lakini kwa kweli wako 70. Muuguzi anajitahidi anachanja 45. Ripoti yake itasema amechanja asilimia 112! Atapongezwa. Na watoto 25 wako nyumbani bila kitu. Wale mnaokaa kwa tume za afya mmeona hizi asilimia zinazopita mia, na mlifikiri ni makosa ya kujumlisha.

Wazee wanajua kwa nini sisi tunapotea katika hesabu hiyo. Wakati wa vita vya Mai-Mai, upande wa Malemba-Nkulu na Mitwaba, vijiji vizima vilihama. Wengine walikimbilia ziwani, kwenye visiwa vya matete. Wengine walivuka mpaka wakaenda Zambia, na kurudi kulianza 2007, kwa meli ya kwenda Moba na kwa barabara ya Pweto. Kijiji cha kwenye karatasi kimebaki pori, na watu wake wako Kamina, kandokando ya reli, nyumba tatu ndani ya lupango moja.

Hapo njo mashine ilipoingia. Mradi unaoitwa GRID3, ambamo Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani kiko pamoja na wengine, ulichukua picha za setilaiti. Mtu hawezi kuhesabu mapaa ya inchi kubwa kama Kongo kwa macho. Basi programu ya kompyuta ilifundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi za nyumba, mpaka ikajua yenyewe kutofautisha paa na jiwe, au na kivuli cha mti. Kisha watu wa mikono na miguu wakapita na telefone, wakiandika jina la kila kijiji na mipaka ya kila sehemu ya afya. Na watafiti wa WorldPop, wa Chuo Kikuu cha Southampton kule Uingereza, walitumia mapaa hayo pamoja na hesabu ya nyumba chache zilizotembelewa kweli, wakakadiria watu wanaokaa kila kipande cha udongo katika majimbo kadhaa, letu likiwa ndani. Muganga mkuu wa zoni anaweza kuona kwenye ramani kijiji ambacho karatasi yake haikukitaja hata siku moja. Hatudharau kazi hiyo. Ni kazi kubwa.

Lakini angalieni mashine inaona nini. Inaona paa. Haioni chini ya paa. Nyumba iliyoachwa na wenyewe bado iko na mabati yake, itahesabiwa. Kibanda cha nyasi chini ya mwembe kinaweza kufichwa. Na kwa wavuvi wa ziwa Kisale, kule Kinkondja, nyumba inajengwa juu ya matete yanayoelea: leo iko hapa, upepo ukivuma iko pengine. Kwa sisi tuliorudi shida kubwa ni ile ya kujazana. Hesabu inafikiri kila nyumba iko na watu kiasi fulani, kufuata nyumba za majirani. Katika lupango la mwanachama wetu mmoja, ndani ya mji huu, tulikuta paa moja na jamaa nne.

Mwaka jana timu ya chanjo ya surua ilipita mtaa wetu. Walikuwa vijana wazuri, hatuna neno baya juu yao. Saa sita dozi zikaisha. Kufuata karatasi yao, walikuwa wamemaliza mtaa. Wamama walibaki wamesimama kwenye mstari na watoto mgongoni. Walipouliza, waliambiwa warudi kesho, na kesho ile haikufika. Mnakumbuka surua ya 2019: wagonjwa waliodhaniwa zaidi ya 310,000 katika Kongo nzima, na zaidi ya 6,000 waliokufa, wengi wao watoto. Kwa hiyo mstari ule si jambo la kusema tu «pole».

Kamati ilipendekeza tufanye orodha yetu sisi wenyewe. Mkakataa, na mlikuwa na haki. Sisi tunajua orodha. Kuko orodha ya kupewa unga, na kuko orodha ya kutafutwa usiku. Mzee mmoja alisema: jina langu liliandikwa mara tatu katika maisha yangu, na mara zote tatu nilikimbia. Wale waliokaa Lusaka walijibu kwamba kule walikuwa na kadi ya SmartCare, ndogo ya plastiki, inabeba habari za mgonjwa toka kliniki moja hadi ingine, na haikuwadhuru. Ni kweli. Kadi zingine bado ziko ndani ya sanduku, lakini hatuna mashine ya kuzisoma hapa.

Basi tulibishana majuma mawili na tukafika hapa: tutahesabu bila majina. Kwa kila lupango tutaandika jamaa ngapi, watoto chini ya mwaka mmoja ngapi, chini ya miaka mitano ngapi, wamama wenye mimba ngapi. Hatutaandika kabila, wala mulitoka wapi, wala mulirudi mwaka gani. Daftari litabaki kwa mama mweka-hazina. Kwa muuguzi tutapeleka jumla tu. Yeye ataiweka ndani ya ripoti yake ya mwezi, ile inayopelekwa ofisi ya zoni na kuingizwa katika DHIS2, programu iliyozaliwa Afrika ya Kusini miaka ya 1990 na inayotunzwa sasa na Chuo Kikuu cha Oslo. Toka pale hata mtu wa Kinshasa anaweza kuiona. Kama muuguzi ameandika 40, kompyuta itarudia 40 kwa uzuri sana, na rangi juu.

Kwa wafadhili wetu, tunajibu sasa. Mliuliza kama mnaweza kutununulia mashine ya kusoma picha za mapafu. Ni kitu cha kweli: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kompyuta zisome picha hizo ili kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Lakini inataka kwanza mashine ya picha yenyewe, umeme, na dawa za kumpa yule atakayeonekana mgonjwa. Huo ni mzigo wa hospitali, chama cha kusaidiana hakiwezi kuubeba. Sisi tunaomba madaftari kumi, unite za telefone kwa miezi sita, na matairi mawili ya kinga kwa wareko wetu, kwa maana moja iko inatembea na tairi lililoshonwa kwa waya. Tunajua matairi hayapendezi kwenye picha. Tutapiga picha vilevile.

Kazi inaanza Jumapili ijayo baada ya ibada, upande wa reli kwanza, kisha upande wa soko. Watapita wawili wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wote watu mnaowajua. Asiyetaka kuhesabiwa aseme tu, watapita mlango wake kwa amani. Yule ambaye mtoto wake alibaki kwenye mstari siku ile ya surua, asingoje wahesabu: amwone mama mweka-hazina leo, kabla hatujaachana, kwa sababu muuguzi amesema Jumanne atakuwa na dozi.