Maji Moto, Bima na Mpaka: Jinsi Wagonjwa wa Ulaya Wanavyotibiwa Nchi Jirani

Mazungumzo ya elimu ya afya kwa umma, yaliyotolewa kwa wakaazi wa kaunti



Katika miji ya Kenya, mtu akisikia neno spa huwaza mahali pa kukandwa mgongo, kusafishwa uso na kupakwa rangi ya kucha. Katika nchi nyingi za Ulaya neno hilo lina maana nyingine zaidi. Huko kuna spa za matibabu, zilizojengwa kwenye chemchemi za maji moto au maji yenye madini. Mgonjwa hufika akiwa na barua ya daktari, hupimwa, hupangiwa ratiba ya siku kadhaa, na mara nyingine bima ya afya ndiyo hulipa.

Mada hii inawahusu wakaazi kwa sababu mbili. Kwanza, kuna familia zilizo na watoto au ndugu wanaofanya kazi Ujerumani, Ufaransa, Uingereza na kwingineko Ulaya. Hao hukatwa pesa za bima kila mwezi, na wanafaa kujua haki zinazotokana na makato hayo. Pili, kuna familia hapa nyumbani zinazofanya harambee au kuuza shamba ili mgonjwa apelekwe ng'ambo. Ulaya imepitia mabishano mengi kuhusu nani alipe mgonjwa akivuka mpaka, na majibu yaliyopatikana yanaweza kuokoa shamba la mtu.

Tuanze na spa zenyewe. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiweka miji 11 ya spa kutoka nchi 7 za Ulaya katika orodha ya urithi wa dunia. Miongoni mwayo ni Karlovy Vary wa Ucheki, Baden-Baden wa Ujerumani, Vichy wa Ufaransa na Bath wa Uingereza. Karlovy Vary una chemchemi inayorusha maji yenye joto la takriban nyuzi 73. Maji hayo hupoozwa kabla ya mtu kuoga, na yale ya kunywa hupimwa kwa kikombe kulingana na maagizo ya daktari. Huko Piešťany, nchini Slovakia, wagonjwa wa viungo hupakwa matope ya moto yenye salfa. Huko Hévíz, nchini Hungaria, watu huogelea katika ziwa lenye maji ya uvuguvugu hata wakati wa baridi kali.

Wengi wanaokwenda huko ni wenye baridi yabisi, maumivu ya mgongo, magoti yaliyochakaa, matatizo ya ngozi au ya kupumua, na waliofanyiwa upasuaji wa nyonga. Siku yao haipiti kwenye maji peke yake. Kuna mazoezi ya viungo, kukandwa na wataalamu, kutembea, chakula kilichopangwa na kupumzika. Nchini Ufaransa bima ya umma hulipia sehemu ya matibabu ya siku 18, mradi daktari ameyaandika na ugonjwa umo katika orodha inayokubalika. Ucheki nao una orodha yake ya kisheria ya magonjwa yanayolipiwa.

Je, maji hayo yanaponya? Jibu la haki ni kwamba yanasaidia baadhi ya watu. Maji moto hulegeza misuli, na mwili ukiwa ndani ya maji uzito hupungua, kwa hivyo mwenye goti bovu huweza kufanya mazoezi asiyoyaweza nchi kavu. Maumivu hupungua kwa muda. Hata hivyo, maji moto hayaponyi saratani, hayaondoi kisukari, wala hayachukui nafasi ya dawa za shinikizo la damu. Mtu akiambiwa aache dawa zake kwa sababu ya maji, ajue anapotoshwa.

Sasa suala la pesa. Zamani bima ya nchi moja ya Ulaya ilikataa kulipia matibabu ya nchi nyingine, ila kwa kibali kilichokuwa kigumu kupata. Mabadiliko yalianza na wagonjwa wa kawaida waliokwenda mahakamani.

Mmoja alikuwa Raymond Kohll wa Luxembourg, aliyetaka binti yake arekebishwe meno mjini Trier, Ujerumani. Bima ilikataa. Tarehe 28 Aprili 1998 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kumlazimisha kuomba kibali kwa huduma ya aina hiyo kulizuia uhuru wa kutoa na kupata huduma baina ya nchi wanachama.

Kesi ya pili ilihusu spa hasa. Ludwig Leichtle, mtumishi wa umma wa Ujerumani, alitaka kwenda kwa matibabu ya spa katika kisiwa cha Ischia, Italia. Kanuni za Ujerumani zilidai uthibitisho wa kitabibu kwamba matibabu ya nje yangefaulu zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko ya nyumbani. Mwaka 2004 mahakama ilikataa sharti hilo, kwa kuwa liliwafungia njia wagonjwa na spa za nchi nyingine. Hata hivyo, ilikubali kwamba nchi inaweza kutaka spa iwe imesajiliwa, ili bima isilipie kila bwawa lenye maji moto.

Kesi ya tatu ni ya Yvonne Watts wa Uingereza, mama aliyekuwa na maumivu makali ya nyonga. Aliambiwa asubiri foleni. Akaenda Ufaransa mwaka 2003, akawekewa nyonga ya bandia kwa gharama yake, kisha akadai kurudishiwa. Mwaka 2006 mahakama ilisema kwamba kuwepo kwa foleni pekee si sababu ya kumnyima mgonjwa kibali. Lazima hali yake yeye mwenyewe itazamwe: maumivu yake, ugonjwa wake, na muda anaoweza kusubiri bila kudhurika.

Baada ya kesi hizo na nyingine, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki za wagonjwa wanaovuka mipaka, mwezi Machi 2011. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 25 Oktoba 2013 kuiweka katika sheria zao. Mambo makuu yake ni haya.

Kwanza, mgonjwa hulipwa tu kwa huduma ambayo angestahili nyumbani. Kama bima ya nchi yake hailipii spa, hailipii spa ya Karlovy Vary pia.

Pili, mgonjwa kwa kawaida hulipa mwenyewe kwanza, kisha hudai. Hurudishiwa kwa kiwango cha nyumbani, na si zaidi ya alichotumia. Chukua mfano: kama bima ya nyumbani hulipa euro 3,000 kwa matibabu fulani, na hospitali ya nje ikatoza 4,000, mgonjwa hurudishiwa 3,000 na kubeba 1,000 mwenyewe. Ikitoza 2,500, hurudishiwa 2,500. Nauli na hoteli bima hailazimiki kuzilipa.

Tatu, nchi inaweza kudai kibali cha mapema kwa matibabu ya kulazwa hospitalini au yanayohitaji mitambo ya gharama kubwa. Asiyeomba kibali kinachotakiwa anaweza kupoteza haki ya kurudishiwa.

Nne, kila nchi lazima iwe na ofisi ya mawasiliano inayomweleza mgonjwa haki zake. Mgonjwa ana haki ya kupewa maelezo ya bei, risiti iliyo wazi na nakala ya kumbukumbu za matibabu yake. Akirudi nyumbani, daktari wa kwao hatakiwi kumkataa kwa sababu alitibiwa nje.

Ipo pia njia ya zamani, ya fomu inayoitwa S2. Kwa njia hiyo mgonjwa hupata kibali kwanza, bima za nchi mbili hulipana zenyewe, naye hatoi fedha nyingi mfukoni. Lakini fomu hiyo hutumika katika mfumo wa umma pekee. Sheria ya 2011 hufungua hata milango ya hospitali binafsi.

Wenye jamaa Ulaya wazingatie jambo moja. Haki hizi hufuata bima na ukaazi halali zaidi kuliko rangi ya pasipoti. Muuguzi Mkenya anayeishi kihalali na kukatwa bima Ujerumani anaweza kuzitumia. Walio Uingereza, kwa upande mwingine, hawamo tena chini ya sheria ya 2011 tangu mwanzoni mwa 2021, baada ya nchi hiyo kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ingawa njia ya kibali cha S2 ilibaki. Na Mkenya anayeishi Kenya hana sehemu katika mpango huo. Akienda spa ya Ulaya hulipa kila kitu mwenyewe, na akiomba viza ya matibabu huombwa barua ya hospitali na uthibitisho wa fedha. Yeyote anayedai ada ili "akuingize katika mpango wa bure wa spa za Ulaya" usimpe hata shilingi.

Kuna neno pia kuhusu usalama. Mjini Bath watu walioga katika maji ya Kirumi hadi mwaka 1978, msichana mmoja alipofariki kwa maambukizi ya ubongo yaliyosababishwa na vijidudu vya majini. Bafu zikafungwa, na maji yakaja kuchimbwa upya kutoka chini zaidi. Maji ya asili si salama kwa sababu tu ni ya asili. Na Kenya nayo ina chemchemi zake, kama za Bogoria na nyingine za Bonde la Ufa. Baadhi huchemka kabisa. Mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni anaweza kuungua bila kuhisi. Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito na mwenye kidonda wazi wamuulize daktari kwanza. Maji mengi ya moto ya Bonde la Ufa yana floridi kwa wingi, na kuyanywa kila mara huharibu meno na mifupa. Kikombe cha Karlovy Vary kisiwe kisingizio cha kunywa maji yasiyopimwa.

Kwa familia inayofikiria kupeleka mgonjwa nje, hatua ziwe hizi. Pata ripoti kamili ya hospitali ya rufaa, na uulize kama huduma hiyo ipo nchini. Uliza ofisi ya SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kama matibabu hayo yanaweza kuidhinishwa. Kanuni huruhusu matibabu ya nje kwa huduma isiyopatikana Kenya, lakini idhini hutangulia safari. Omba bei kwa maandishi, ikionyesha ni nini kimejumuishwa na nini hakimo. Thibitisha kwamba daktari na hospitali wamesajiliwa katika nchi yao. Amueni mapema ni nani atamwangalia mgonjwa akirudi. Na kila karatasi ihifadhiwe, kuanzia risiti hadi picha za eksirei.

Bi. Watts na Bw. Leichtle walikuwa na mahakama ya kuwatetea baada ya safari. Mgonjwa anayetoka hapa akiwa na pesa za harambee hana mahakama hiyo. Kinga yake ni maswali yanayoulizwa kabla ya tiketi kukatwa na kabla ya hatimiliki ya shamba kutolewa kabatini.