Fundi, Ipe Sakafu Nafasi

Msikilizaji wa Rugaaga na Nakivale, leo nazungumza na mafundi wanaochomelea mageti na madirisha.

Bomba la mraba linafika kutoka Mbarara likiwa na urefu wa mita 6. Katika karakana ndogo linalazwa sakafuni, na kila anayepita analiruka. Siku moja atajikwaa huku grainda inazunguka mkononi.

Chukua vipande vya chuma vilivyobaki, tengeneza mikono imara ukutani, mabomba yalale hapo: mazito chini, mepesi juu. Shiti ya futi 8 kwa 4, yenye unene wa milimita 1.5, ina kilo 35 hivi. Isimamishe kwa ubavu, iegemee ukuta, ifunge mnyororo. Watoto wanaokuja kutazama cheche, shiti ikiwaangukia itawaumiza vibaya. Kuibeba, muwe wawili, na glavu mkononi.

Kazi nayo ifuate njia moja: chuma kiingie, kikatwe, kichomelewe, kipakwe rangi, kitoke. Rangi na tina zikae mbali kabisa na cheche.

Fundi, jioni hii kabla hujafunga, ondoa kila kilicholala kati ya mlango na mashine.