Lori Letu Likichemsha



Lori letu la ushirika limechakaa, na msimu wa kupeleka pamba ndio huu. Likichemsha, tusianze kumlaumu dereva. Tulizime, lipoe. Mtu asifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto: maji yataruka yamwunguze uso.

Likishapoa, tutazame moja moja. Maji yamepungua? Basi kuna panapovuja, mpira au pampu. Mkanda wa feni umelegea? Ukazwe. Rejeta imezibwa na majani? Isafishwe. Oili imekuwa kama chai ya maziwa? Hapo maji yameingia, huenda gasketi ya hedi imeungua. Lisiwashwe tena, aitwe fundi.

Jamani, kuongeza maji kila safari siyo dawa. Injini ikifa, pamba yetu italala ghalani.