Jina Lako Nani?



Tumepewa kunena nanyi habari za baba yetu Yakobo. Twapenda kumtaja kuwa mtu mkuu, nasi twasahau ya kuwa hakuanza hivyo. Alikua polepole, kama mche uotao penye mawe. Leo twataka kuyatazama maswali mawili tu aliyoulizwa. Kwa maana tukiyaelewa hayo mawili, twajua jinsi Mungu alivyomkuza.

Swali la kwanza aliulizwa na baba yake. Isaka alikuwa mzee, macho yake yameingia kiza, naye akauliza ni nani aliyeleta chakula. Yakobo alikuwa amevaa mavazi ya kaka yake, na ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, akajibu ya kuwa yeye ni Esau. Akapata baraka kwa jina lisilo lake, na kwa ajili ya jina hilo ikampasa kukimbia nyumbani.

Njiani, huko Betheli, alilala kichwa chake juu ya jiwe, akaota ngazi ifikayo mbinguni. Asubuhi akaweka nadhiri. Lakini itazameni nadhiri yenyewe: Mungu akimlinda, akimpa chakula na nguo, akimrudisha salama, ndipo atakapokuwa Mungu wake, naye atamtolea fungu la kumi. Hiyo ni sala ya mtu apataniaye bei sokoni. Hata hivyo Mungu hakumkataa. Alimpokea kama alivyo, akamtia shuleni.

Shule yake ilikuwa nyumba ya Labani, mjomba wake, kwa miaka 20. Aliyemdanganya baba asiyeona, yeye naye akadanganywa usiku, akapewa Lea mahali pa Raheli. Aliyejifanya mzaliwa wa kwanza akaambiwa ya kuwa huko mdogo haozwi kabla ya mkubwa. Akauonja uchungu alioupika mwenyewe.

Aliporudi alisikia ya kuwa Esau yuaja na watu 400. Akaomba, lakini sala hii si ile ya Betheli, wala haina bei ndani yake. Alikiri ya kuwa hakustahili hata rehema iliyo ndogo. Aliuvuka Yordani ana fimbo tu, na sasa amekuwa makundi mawili. Usiku ule, penye kivuko cha Yaboki, akashindana na Mtu hata alfajiri, nyonga yake ikateguka, asimwache mpaka abarikiwe. Ndipo alipoulizwa swali la pili: jina lake nani? Akajibu: Yakobo. Jina hilo Esau alikuwa amelieleza kwa uchungu, ya kuwa ndilo la mtu ampokonyaye mwenzake mahali pake. Basi kulitaja kulikuwa kuungama. Na alipokwisha kulitaja, akapewa jina jipya, Israeli.

Lakini apataye amani na Mungu usiku, asubuhi yuko ndugu wa kumkabili. Yakobo akawatangulia watu wake akichechemea, akainama mara 7, akamsihi Esau apokee wanyama zaidi ya 500. Na mwisho, katika Kiebrania, aliitaja zawadi ile kwa neno lile lile la baraka. Alichokitwaa kwa jina la uongo, sasa alikirudisha kwa kadiri alivyoweza.

Hatusemi ya kuwa tangu hapo hakukosa. Alimpenda Yusufu kupita nduguze, na nyumba yake ikalia kwa sababu hiyo. Alikuwa mwanafunzi mpaka alipokufa Misri, ana miaka 147.

Kwa nini twayanena haya siku ya Jubilei? Kwa kuwa katika torati ya Musa mwaka wa 50 ulikuwa mwaka wa kurudisha. Kila mtu aliirudia milki ya baba zake. Nasi tunaonena nanyi tulikaa miaka mingi tukiwafundisha watoto sala ya Baba Yetu, na huku hatusalimiani na ndugu yetu wa tumbo moja kwa ajili ya shamba la minazi la marehemu baba. Tulipitana naye mlangoni pa kanisa, kila mmoja ameshika kitabu chake. Hata siku tulipokwenda kwake, miguu ilikuwa mizito, na maneno tuliyoyapata yalikuwa haya tu: mpaka ule tuliusogeza sisi. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akatuletea kiti.

Basi, ndugu, twaja madhabahuni kuomba baraka kwa miaka ijayo. Huenda kila mmoja wetu anao mpaka aliousogeza. Tukiulizwa jina letu, tusijibu Esau.