Matokeo ya Tiba ya Uvimbe wa Seli za Uzazi kwa Watoto: Hesabu Ianzie Wapi?



Uvimbe wa seli za uzazi ni takribani asilimia 3 tu ya saratani za watoto. Uchache wake ndio unaotuponza, maana daktari wa wilaya anaweza kustaafu bila kuuzoea. Hata hivyo, ni saratani inayosikia dawa, hata ikishasambaa. Mwaka 1974 Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana alianza kuchanganya sisplatini na dawa nyingine kutibu saratani ya korodani kwa watu wazima. Watoto nao wakanufaika. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2000, wa karboplatini, etoposaidi na bleomaisini, ulikuta watoto wapatao 90 katika kila 100 wako hai baada ya miaka 5.

Basi akitufia mtoto, mimi huuliza kwanza yaliyotokea kabla ya dripu.

Chukueni binti wa miaka 12 mwenye tumbo linalokua. Kipimo cha mkojo kinasoma mimba. Baadhi ya uvimbe wa ovari hutoa homoni ileile ya ujauzito, kwa hiyo kipimo hakijakosea. Aliyekosea ni anayekisoma na kuishia hapo. Wiki zinapita binti akihojiwa ni nani aliyempa mimba, wakati altrasaundi ingemaliza ubishi siku hiyohiyo. Hili linaniudhi kuliko uhaba wa dawa.

Kwa wapasuaji nina mawili. Uvimbe wa matakoni kwa kichanga uondolewe pamoja na kifandugu; tangu 1951 inajulikana kwamba kikiachwa, uvimbe hurudi mara nyingi. Na korodani inayoshukiwa itolewe kupitia kinena, isichomwe sindano wala kupasuliwa kwenye mfuko wake.

Baada ya upasuaji tufuatilie alfa-fetoprotini, protini ya damu inayotolewa na baadhi ya uvimbe huu. Hupungua kwa nusu kila siku 5 hadi 7. Ikianza 16,000, baada ya wiki moja tutarajie kama 8,000 au chini, kisha 4,000. Ikigoma kushuka, kuna masalia mahali fulani, hata kama kidonda kimepona vizuri. Ila kichanga huzaliwa nayo ikiwa juu, na huchukua miezi kadhaa kufikia kiwango cha kawaida; asianzishiwe dawa kwa namba hiyo peke yake.

Limebaki la masikio. Sisplatini huharibu usikivu, na uharibifu huo haurudi nyuma. Takwimu zetu humwandika mtoto huyo “amepona”, naye darasani hamsikii mwalimu. Karboplatini ina nafuu kwa masikio, na mwaka 2022 Marekani iliidhinisha thiosalfeti ya sodiamu kwa kuwakinga watoto wanaopewa sisplatini kwa uvimbe usiosambaa.

Napendekeza faili la kila mtoto liwe na mambo matatu: kipimo cha usikivu kabla ya dozi ya kwanza, alfa-fetoprotini yenye tarehe, na maelezo ya mpasuaji yanayotaja waziwazi kama kifandugu kilitolewa.